Faili za kuwashia DOS: yanayosemwa na yalivyo

Kompyuta ya MS-DOS (mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft) ikiwashwa husoma CONFIG.SYS, faili ya mipangilio, kwanza, kisha AUTOEXEC.BAT, faili ya amri, zote zikikaa juu kabisa ya diski C. Visakinishi, yaani programu zinazosakinisha nyingine, huziandika upya, na hapo ndipo maneno mengi yasiyo kweli yalipozaliwa.

Dhana: mstari ukishaongezwa, unafanya kazi.
Ukweli: inategemea umekaa wapi. AUTOEXEC.BAT husomwa kutoka juu kwenda chini. Kisakinishi kikibandika mstari wake mwishoni, chini ya WIN (amri ya kufungua Windows), mstari huo utasubiri hadi utoke Windows 3.1. SET BLASTER=A220 I5 D1, mipangilio ya kadi ya sauti, ikikaa hapo, mchezo wa DOS unaofunguliwa ndani ya Windows unaweza kukosa sauti, ingawa mstari upo na hauna kosa hata moja. Mbaya zaidi ni faili nyingine ya .BAT iliyoitwa bila neno CALL: DOS huingia humo na hairudi, kwa hiyo yote yaliyo chini yake hayasomwi kamwe. Hamisha mstari juu, au ongeza CALL. Kwenye CONFIG.SYS nako, dereva ya kumbukumbu HIMEM.SYS lazima itangulie mwenzake EMM386.EXE.

Dhana: PATH (orodha ya folda ambamo DOS hutafuta programu) ikirefuka hakuna ubaya.
Ukweli: DOS hupokea herufi 127 tu kwa mstari mmoja wa amri. Zinazozidi hukatwa, na folda za mwisho hazitafutwi tena. Programu iliyokuwa ikifunguka jana leo inajibiwa "Bad command or file name". Ukiona "Out of environment space", tatizo ni jingine, nafasi ya kuhifadhi thamani za SET na PATH imejaa: weka SHELL=C:\DOS\COMMAND.COM C:\DOS /E:1024 /P kwenye CONFIG.SYS.

Dhana: ukifuta folda ya programu, umeiondoa.
Ukweli: mistari yake inabaki, na dereva zilizokaa kwingine zinaendelea kula zile KB 640 za kumbukumbu ambazo programu za DOS hutumia. Amri ya MEM /C /P itakuonyesha.

Dhana: kompyuta ikigoma baada ya kusakinisha, fomati diski.
Ukweli: usiifomati! Kwa MS-DOS 6, maandishi "Starting MS-DOS..." yakitokea bonyeza F5 kuruka faili zote mbili, au F8 uulizwe mstari kwa mstari wa CONFIG.SYS. Toleo la 5 linahitaji disketi ya kuwashia. Ukiingia, fungua faili kwa EDIT, tia REM (neno linalofanya mstari urukwe) mbele ya mstari unaoushuku, washa upya. Nakala ya akiba ya .BAK iliyoachwa na kisakinishi usiitegemee, maana kisakinishi kinachofuata kinaweza kuandika juu yake. Nakili faili zote mbili kwenye disketi kabla ya kusakinisha chochote.