Mvua haioshi njia ya ndege

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na shemeji yangu ambaye ndege yake ilichelewa: "Shemeji, mnafunga njia usiku kucha mnaiosha, na masika hayo yako mlangoni. Si mngeiachia mvua?" Nikamalizia chai yangu kwanza. Swali hilo nimeshalisikia kwa abiria, kwa madereva wa teksi, na mara moja kwa mhasibu mwenye kalamu nyekundu.

Mvua haioshi. Ule weusi mnaouona mwanzoni mwa njia ya kurukia si lami mpya, ni raba. Ndege ikigusa chini matairi yake hayazunguki. Ghafla yanalazimika kuzunguka kwa mwendo unaopita kilomita 200 kwa saa. Raba inaungua, inayeyuka, inashindiliwa kwenye vijitundu vya lami, na ndege inayofuata inaongeza utando wake. Pitisha kiganja: palipotakiwa kukwaruza kama msasa panateleza kama sakafu iliyopigwa niru.

Pakiwa pakavu hakuna anayelalamika. Yakija maji, vijitundu na mifereji iliyowekwa kuyatoa chini ya tairi imeshazibwa. Maji yakikosa pa kukimbilia, tairi linaelea. Tairi lenye upepo wa psi 200 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), kwa hesabu iliyozoeleka, linaweza kuelea kuanzia kama kilomita 235 kwa saa, mwendo ambao ndege kubwa nyingi hutua nao. Hapo kanyaga breki utakavyo. Kumwachia mvua kazi ya kutoa raba ni kumkabidhi fisi bucha, hasa mvua za kwanza zinazokuta na vumbi.

Lipo gari la kupima msuguano, linalomwaga maji mbele ya gurudumu lake. Lakini vijana wangu nawatembeza kwa miguu kwanza, njiti ya kiberiti mfukoni. Mifereji hukatwa kina cha milimita 6 hivi. Njiti ikigota mapema, gari litakuja kuthibitisha tu.

Yapo na mengine ninayoambiwa. "Rubani akitua kwa kishindo hajui kazi." Njia ikiwa na maji, kishindo kile ni cha makusudi: matairi yapasue maji yaanze kuzunguka, vibao vya juu ya mabawa viinuke, breki zishike. Ndege inayoshuka kama unyoya huku mkipiga makofi inakula mita za njia ambazo hazirudi.

"Njia ndefu haina shida." Ya uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, inapita mita 4,100, lakini iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, ndege inagusa ardhi kwa kasi zaidi. Urefu ule una kazi yake.

"Lami mpya ndiyo salama." Uwanja wa Congonhas, São Paulo, Brazil, Julai 2007: lami mpya, mifereji bado haijakatwa, mvua. Tarehe 16 ndege ndogo iliteleza ikatoka njiani. Kesho yake ndege ya abiria ya Airbus ikapitiliza mwisho wa njia, wakafa watu 199. Wachunguzi walikuta pia mkono mmoja wa kuongezea na kupunguzia nguvu ya injini haukurudishwa nyuma inavyotakiwa, kwa hiyo msiitwike lami peke yake.

Na wewe unayetaka tuzidishe nguvu ya maji tunayong'olea raba tumalize kwa saa moja: utang'oa raba pamoja na lami yenyewe, halafu alfajiri uiname uokote kokoto kabla injini haijazimeza.