Grafiki za runinga: dhana potofu zinazowachelewesha wanaojifunza

"Nikiijua After Effects, nimeijua kazi."

Umejua nusu. After Effects, programu ya grafiki zenye mwendo iliyotoka mwaka 1993, inafaa kwa vipande vinavyokamilishwa mapema: utangulizi wa kipindi, matangazo ya vipindi vijavyo, mandhari ya nyuma ya studio. Jina la mgeni anayehojiwa moja kwa moja haliwezi kusubiri kompyuta imalize kutoa faili. Kazi hiyo hufanywa na mitambo kama Viz Engine ya Vizrt au XPression ya Ross Video, inayochora kila fremu (picha moja kati ya zinazounda video) papo hapo. Kwa fremu 25 kwa sekunde, mtambo una milisekunde 40 tu kwa kila fremu. Rundika vivuli, mng'ao na ukungu, uone fremu zinavyoruka hewani.

Mbunifu hapa hatengenezi video. Anatengeneza kiolezo cha bango la jina, chenye nafasi za jina na cheo, na mwendo uliogawanywa: kuingia, kutulia, kutoka. Kati ya kuingia na kutoka huwekwa kituo cha kusimamisha mwendo, ili bango lisubiri mwendeshaji abonyeze. Wanaoanza husahau kituo hicho, na bango hujiondoa mgeni akiwa hata hajamaliza kusalimia. Kosa la pili ni kujaribu kiolezo kwa jina fupi. Jaza "Kaimu Naibu Mkurugenzi Mtendaji", kisha jina lenye ng', maana kuna fonti ambazo kibainishi chake hukaa mbali na herufi kama kimepotea njia.

"Ikionekana safi kwenye kompyuta, itaonekana safi hewani."

Dhana hii ndiyo inayoaibisha wengi. Chukua mstari mwembamba wa pikseli 1 ulio mlalo, juu ya bango la jina. Kwenye kompyuta umetulia. Sasa urushe kwa mfumo wa 1080i wa 50 Hz, ambao hugawa kila fremu katika nusu mbili: mistari ya shufwa na ya witiri, ikionyeshwa kwa zamu mara 50 kwa sekunde. Mstari wako umo katika nusu moja tu, kwa hiyo unaonekana mara 25 kwa sekunde na kuzimika katikati. Macho ya mtazamaji huuona ukitetemeka. Upe pikseli 2 au zaidi, au ulainishe kidogo kwa wima. Kompyuta haikuonyeshi tatizo hili kwa sababu huonyesha fremu nzima kwa pamoja. Jaribu kwenye kioo cha studio kinachopokea mawimbi ya SDI, yaani picha inayosafiri kwa kebo za studio.

Ukanda wa habari unaopita chini una ugonjwa wa karibu na huo. Usogeze kwa pikseli kamili katika kila nusu-fremu, mathalani 4, yaani pikseli 200 kwa sekunde. Ukiweka 3.7, kingo za herufi zitachezacheza.

Rangi nazo: mawimbi ya studio kwa kawaida ni 4:2:2, rangi ikibeba nusu ya maelezo ya mwanga kwa upana. Herufi nyembamba nyekundu juu ya buluu huvuja kingoni. Tofautisha maandishi na mandhari kwa mwanga kwanza, rangi baadaye.

"Siku hizi vioo havikati picha, kwa hiyo mipaka salama imepitwa na wakati."

Mipaka salama ni eneo la kati ambamo maandishi hukaa ili yasikatwe na ukingo wa kioo. Ile ya zamani, ya asilimia 80 ya picha, kweli imechoka. Lakini pendekezo R95 la EBU, muungano wa watangazaji wa Ulaya, bado linataka grafiki zikae ndani ya asilimia 90. Kwa picha ya 1920 kwa 1080, acha pikseli 96 kila upande, na 54 juu na chini.

"Uwazi ni uwazi, faili yoyote itaubeba."

H.264 ya kawaida, aina ya video iliyobanwa, haibebi tabaka la uwazi. Toa video ya aina ya ProRes 4444 au mfululizo wa picha za TGA za biti 32. Mfululizo una faida kwamba fremu moja ikiharibika unairudia hiyo peke yake. Kisha uliza swichi ya studio, mtambo unaochanganya picha, inataka aina gani ya alfa, yaani tabaka hilo la uwazi. Faili ambayo rangi zake zimekwisha kuzidishwa na alfa ikizidishwa tena, bango hupata ukingo mweusi, kama masizi. Ikitokea kinyume, kingo hung'aa. Liweke bango juu ya nyeupe tupu, kisha juu ya nyeusi tupu: kasoro itajitokeza.

"Mwendo mwingi ndio ustadi."

Bango la jina linatosha kuingia kwa fremu 12 hivi, likianza kwa kasi na kutua polepole, na kutoka kwa 8. Likishatulia, liache kwa muda wa kulisoma kwa sauti mara mbili.

Kumeta si pambo tu. Tarehe 16 Desemba 1997, katuni iliyorushwa Japani ilipokezanisha nyekundu na buluu kwa kasi kubwa, na mamia ya watazamaji, wengi watoto, wakapelekwa hospitali. Vituo vingi vya runinga sasa hukataa mimeto inayozidi 3 kwa sekunde kwenye eneo kubwa la picha, na nyekundu iliyokolea hukaguliwa kwa ukali zaidi.