Nyumba ya mawe kuwa nyumba ya sanaa: yasemwayo na yaliyo kweli

Nyumba kongwe za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kikundi kikipewa moja kuifanya mahali pa sanaa, makosa huanza pale inapochukuliwa kama nyumba ya matofali ya saruji.

“Tuvunje ukuta tupate ukumbi.”
Vyumba vyake ni vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu hapo ndipo urefu wa boriti unapoishia. Ukuta unaotaka kuuvunja mara nyingi umebeba vichwa vya boriti za pande zote mbili. Ukumbi unao tayari: uani. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na kutumika kama gereza hadi 1984, ina ua mpana ndani. Ngome Kongwe ya Unguja nayo hupokea wanamuziki na watazamaji wake papo hapo uwanjani, chini ya anga.

“Ghorofa iliyobeba ukoo mzima itabeba ngoma.”
Wahandisi huhesabu sakafu ya makazi kwa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Ya mkusanyiko, kilo 500. Tena wachezaji hutua kwa pamoja, na boriti huoza kwanza kwenye kichwa kilichozama ukutani, mahali pasipoonekana. Chokonoa kila kichwa kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, badilisha boriti. Juu weka maktaba ndogo au wachoraji. Rafu za vitabu ziegemee ukuta, zisisimame katikati ya chumba.

“Chokaa ni ya kizamani, piga saruji.”
Hili ndilo linaloua nyumba nyingi. Matumbawe yana chumvi, na unyevu hupanda kutoka ardhini. Plasta ya chokaa huuacha utoke. Saruji huufungia ndani. Chumvi hugandia nyuma ya plasta, huisukuma, na baada ya misimu michache inabanduka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Fundi atasema ukuta “umechoka” na kupiga saruji nyingine.

Changanya chokaa iliyozimwa sehemu 1 na mchanga sehemu 3, kwa ujazo. Chokaa ikae shimoni chini ya maji miezi kadhaa. Isiyoiva hutoa vijipele ukutani. Mchanga wa ufukweni hauna nafasi hapa, labda uoshwe kwa maji yasiyo ya bahari hadi chumvi iishe. Piga tabaka za milimita 10, kila moja ishike kabla ya nyingine, na ufunike kwa magunia mabichi wiki nzima. Ikikaushwa na jua itapasuka.

“Rangi yoyote itafaa.”
Rangi ya mafuta hufanya yale yale ya saruji. Paka chokaa.

“Jengo ni letu, ruhusa ya nini?”
Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Kwa jengo lililotangazwa kuwa urithi, peleka michoro kwanza, ndipo uagize mchanga.