LUKU haili umeme: joto la kaskazi, baridi ya kipupwe na hesabu ya uniti nyumbani

Kila ifikapo Januari, kaskazi ikishashika na usiku wa Dar es Salaam ukawa haupoi, madawati ya huduma kwa wateja ya TANESCO, shirika la umeme, hupokea lalamiko lile lile: "LUKU inakula," yaani mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia inamaliza uniti haraka. Mteja aliyezoea kununua umeme wa shilingi 10,000 ukamfikisha mwisho wa mwezi sasa unamwishia tarehe 12, na anakuja akiwa ameshajiridhisha kwamba ameibiwa. Kwa kuwa malalamiko ya aina hii huongezeka msimu wa joto, imeonekana ni vyema jambo hili lielezwe kwa kirefu kidogo.

Mita mbovu zipo, na utaratibu wa kuzikagua nitaueleza. Hata hivyo, mara nyingi tukifika nyumbani kwa mteja tunakuta mita ni nzima, na kilichobadilika ni msimu pamoja na vifaa vilivyoongezwa kwa sababu ya msimu huo.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo upotoshaji ulipojaa. Kwa agizo la EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, lililoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa majumbani ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja) yuko kundi la D1, ambako uniti moja ni shilingi 100. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa matumizi ya kawaida, kundi la T1, hulipa shilingi 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza. Juu ya bei hizo kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Ndiyo maana uniti ya D1 humfikia mteja kwa shilingi 122, na uniti 75 ni shilingi 9,150, kiasi ambacho wateja wengi wa kundi hilo wanakijua kwa moyo. Uniti ya T1 inafika shilingi 356 na senti kadhaa, hivyo shilingi 1,000 inatoa uniti 2.8.

Kununua kidogo kidogo hakubadilishi chochote. Mfumo hujumlisha manunuzi yote ya mwezi, uwe umenunua mara moja au mara ishirini. Huo ushauri wa "nunua elfu mbili mbili, inatoa uniti nyingi" hauna msingi, na tunachoka kuusikia.

Vilevile, ile "service charge" inayolaumiwa hadi leo iliondolewa kwa wateja wa makundi haya mwaka 2016. Kinachokatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi ni kodi ya majengo, iliyoanza kukusanywa kupitia LUKU Agosti 2021 na viwango vyake kupandishwa mwaka 2023: shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila ghorofa. Usiponunua umeme miezi mitatu, ya miezi mitatu itakusubiri. Mwenye wajibu wa kodi hiyo ni mmiliki wa jengo. Mpangaji aliyekatwa atunze risiti na akubaliane na mwenye nyumba wake ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Hapo mita haina la kufanya.

Wapo pia wanaouliza kwa nini bei haishuki ilhali Bwawa la Nyerere la kuzalisha umeme lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Uwezo wa kuzalisha ni jambo moja, bei ni jingine. Bei hupangwa na EWURA baada ya maombi na mikutano ya wadau, na mikutano hiyo iko wazi kwa mwananchi yeyote. Viti huwa vingi kuliko watu.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) hutumia takribani kilowati moja pale kompresa inapofanya kazi. Ukiwasha kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, hesabu uniti 5 hadi 7, kutegemea chumba kinavyohifadhi ubaridi. Kwa hiyo zile uniti 75 zinaisha katika wiki mbili hivi, hata kabla friji na taa hazijahesabiwa. Feni ya watt 60 ikizunguka usiku kucha wa saa kumi ni uniti 0.6. Tofauti ni mara kumi. Siwakatazi watu viyoyozi, lakini anayefunga kiyoyozi na kutaka abaki D1 anataka mambo mawili yasiyokaa pamoja.

Ukiwa nacho, kiweke nyuzi 26 na uwashe feni pamoja nacho. Nyuzi 18 hazifanyi chumba kipoe haraka zaidi. Zinafanya kompresa isipumzike. Safisha chujio kila mwezi, zaidi kama unaishi kando ya barabara ya vumbi. Na dirisha la louver liachwe lile lile, vioo vyake havikutani, kisha mtu afunge kiyoyozi juu yake? Huyo anapoza mtaa. Feni nayo humpoza mtu kwa kukausha jasho, haipozi chumba, kwa hiyo kuiacha ikizunguka sebuleni pasipo mtu ni kutupa hela.

Joto lenyewe, kwa sehemu kubwa, linatoka juu. Bati lisilo na dari chini yake hugeuza chumba kuwa tanuri ifikapo saa nane mchana. Dari, hata ya ubao mwembamba, pamoja na matundu ya hewa kwenye kipeo cha paa, hupunguza mzigo huo kuliko feni ya pili. Bati jeupe au lililopakwa rangi nyeupe hurudisha jua. Lile jeusi na la kijani iliyokolea, ambayo yanapendwa siku hizi kwa urembo, hulinyonya. Ukuta unaotazama magharibi ni tatizo la pili. Tofali la saruji hunyonya jua la alasiri na kulitoa taratibu usiku, ndiyo sababu chumba cha upande huo hakilaliki hadi saa sita. Panda mti upande huo, jenga baraza, au hamishia kitanda chumba kingine msimu wa joto. Hili la mwisho ni bure na karibu hakuna anayelifanya.

Wazee wa Pwani walijenga wakiufuata upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hutoka kusini mashariki miezi ya katikati ya mwaka. Chumba chenye dirisha upande upepo unapoingilia na jingine upande unapotokea hupoa chenyewe jioni. Leo tunajenga hadi mpakani, dirisha linatazama ukuta wa jirani, kisha tunanunua kiyoyozi.

Nyanda za juu mambo ni kinyume. Kipupwe, Juni hadi Agosti, wateja wa Mbeya, Iringa na Njombe ndio wanaolalamika, na mara nyingi chanzo ni hita ya bafuni. Hita ya papo kwa papo hubeba kilowati 3.5 hadi 5. Ya kilowati 5 ikifanya kazi dakika 10 ni uniti 0.8, familia ya watu watano ikioga mara moja kwa siku ni uniti 4, zaidi ya 120 kwa mwezi. Kuchemsha maji kwa birika na kuyachanganya kwenye ndoo kunagharimu pungufu ya hizo.

Katika ubanaji huo wa matumizi, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kuleta joto. Nalisema bila kuzunguka: watu wanakufa. Kaboni monoksidi, gesi inayotolewa na mkaa, haina harufu, haiwashi macho, na moshi kuisha hakumaanishi gesi imeisha. Mkaa uliowaka vizuri ukawa mwekundu unaendelea kuitoa. Kuacha dirisha "wazi kidogo" si kinga. Ongeza blanketi.

Ukishaangalia yote hayo na bado una shaka na mita, fanya hivi. Zima swichi kubwa ya nyumba, kisha tazama taa ndogo kwenye mita kwa dakika kadhaa. Ikiendelea kupepesa, mita ina kasoro au kuna umeme unaotoka kabla ya swichi hiyo, na hilo ni la kupeleka TANESCO. Ikitulia, washa swichi kubwa, zima taa zote, chomoa vifaa vyote na utazame tena; ikipepesa sasa, tatizo liko kwenye waya za nyumba, na hizo ni jukumu lako, zikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Usifungue mita. Usimruhusu fundi wa mtaani aifungue, hata akisema anaangalia tu. Lakiri, yaani muhuri unaofunga mita, ikikutwa imekatwa, umeme unakatwa, matumizi yasiyolipiwa yanakadiriwa na kudaiwa, na kwa kuwa kuchezea mita ni kosa chini ya Sheria ya Umeme, Sura ya 131, shauri linaweza kufika polisi na mahakamani. Mwenye jina kwenye mita ndiye anayeanza kuhojiwa, si fundi aliyeondoka na chake.

Lalamiko lipelekwe kwanza ofisi ya TANESCO iliyo karibu, likiwa na namba ya mita, kitambulisho na risiti au ujumbe wa manunuzi wa miezi mitatu minne iliyopita. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Bila hiyo ni vigumu kulifuatilia. Usiporidhika na majibu, liandike kwa EWURA, ukiambatisha majibu uliyopewa. EWURA CCC, baraza la watumiaji, linasaidia kuandaa malalamiko bila malipo. Anayeomba kurudishwa D1 ajue kwamba kinachoangaliwa ni wastani wa matumizi yake ya miezi iliyopita, na kwamba kundi hilo ni la makazi tu. Ukiwa na saluni barazani au friza la kuuzia barafu kwenye mita hiyo hiyo, anza na kuomba mita ya biashara.