Mavuno endelevu hayahesabiwi kwa miche

"Kata mti, panda mti" imesemwa mpaka watu wameichukua kuwa ndiyo maana ya mavuno endelevu. Sivyo. Mavuno endelevu ni kuvuna ujazo wa mbao usiozidi ule ambao msitu umeongeza kwa kukua, mwaka baada ya mwaka.

Kosa ni kuhesabu mashina badala ya ujazo. Ukiangusha mti wa kipenyo cha sentimita 60, mche uliopandwa leo hautatoa gogo la kupasua kwa miongo kadhaa. Chukua shamba la mipaini la hekta 1,000 linalovunwa miti ikifika miaka 25: linaruhusu hekta 40 kwa mwaka, tena iwapo miti ya kila umri imo. Ukikata 200 mwaka huu kwa kuwa bei imepanda, umekula mavuno ya miaka mitano, hata kama umepanda zote kesho yake.

Msitu wa asili una kazi zaidi. Zinatengwa ploti za kudumu, yaani vipande vya msitu vya kupimia, kila mti unapimwa kipenyo kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na baada ya miaka kadhaa unapimwa tena. Kilichoongezeka ndicho kinachovunwa. Hata hapo unaweza kuharibu: ikikatwa miti iliyonyooka tu, ujazo utabaki palepale lakini mbegu za kesho zitatoka kwa miti iliyopinda na yenye magonjwa. Wamenominee, kabila la wenyeji asilia wa Wisconsin, Marekani, hutangulia kuondoa miti migonjwa, iliyozeeka na inayoibana mingine. Tangu ardhi yao ya kabila itengwe mwaka 1854 wamevuna zaidi ya futi za mbao bilioni 2 (futi moja ya mbao ni ubao wa futi moja kwa futi moja, unene wa inchi moja), na ujazo uliosimama leo unazidi ule wa mwaka huo.

Ukomo wa kukata huhitaji mwenye mamlaka ya kuulinda, na hapo ndipo anapoingia Ada Deer, mwanamke wa kabila hilo. Hakuwa mtaalamu wa misitu, alikuwa ofisa ustawi wa jamii, ila siasa zake zote zilisimama juu ya ardhi hiyo ya miti. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1954 sheria ya kuwafutia Wamenominee hadhi ya kabila linalotambuliwa, ikaanza kazi mwaka 1961. Msitu na kiwanda cha mbao vikawa mali ya kampuni, ardhi ikaanza kutozwa kodi, na kampuni ikaishia kuuza viwanja kandokando ya maziwa. Deer na wenzake walipigania sheria hiyo ifutwe hadi Rais Nixon akasaini ya kuwarejeshea hadhi, tarehe 22 Desemba 1973. Deer akaongoza kamati ya kulisimamisha kabila upya, na mwaka 1993 akawa mwanamke wa kwanza kusimamia idara ya masuala ya makabila ya wenyeji asilia katika serikali ya Marekani.

Kwa hiyo mradi wa mbao ukisifiwa kuwa endelevu kwa kuwa umepanda miche laki moja, ulizia kwa upole: msitu unaongeza mita ngapi za ujazo kwa mwaka, unakatwa ngapi, na nani anaweza kuzuia msumeno bei ikipanda?