Bustani ya umma kando ya mto: maana yake na jinsi inavyopatikana

Bustani ya umma kando ya mto ni ardhi ya ukingoni iliyotolewa kwenye soko la viwanja na kuwekwa chini ya sheria, ili mandhari yake yabaki na kila mtu awe na haki ya kuingia. Kinachoifanya iwe ya umma ni sheria hiyo, wala si maua au mabenchi. Sehemu nzuri yenye nyasi zilizofyekwa inaweza kuwa mali ya mtu ambaye kesho atafunga geti. Msitu wa mteremkoni usio na hata kibao unaweza kuwa bustani kamili, mradi hati yake inazuia kuuzwa na kujengwa, na inampa kila mtu haki ya kuingia.

Ukingo wa mto unahitaji ulinzi wa namna hii kwa sababu mandhari yake huharibika kidogo kidogo, tena mara nyingi kwa vibali halali. Huyu anajenga ukuta, yule anakata miti ili ayaone maji vizuri, wa tatu anamwaga kifusi kiwanja chake kisogee mbele. Hakuna kati yao aliyeumaliza mto, lakini baada ya miaka kadhaa mpita njia hauoni tena. Halafu kuna jambo ambalo hati za ardhi hazilisemi: anayeutazama ukingo zaidi ni mtu wa ng'ambo. Mwenye kiwanja amesimama juu yake, kwa hiyo haoni sura yake.

Mfano unaolieleza hili vizuri kuliko yote ninayoijua ni wa Palisades, majabali yaliyosimama wima upande wa magharibi wa mto Hudson nchini Marekani. Sehemu kubwa ya majabali hayo iko jimbo la New Jersey, lakini wanaoyaona kila siku ni watu wa New York, ng'ambo ya maji. Mwishoni mwa karne ya 19 wenye machimbo walikuwa wakiyalipua kwa baruti na kuyasaga kuwa kokoto za barabara na majengo. Jiwe lilikuwa linavunjwa jimbo moja, na hasara ya macho inaonekana jimbo jingine. Vyama vya wanawake vya New Jersey vilisimama kidete kupinga, na mwaka 1900 majimbo hayo mawili yakaunda tume moja ya pamoja ya bustani. Serikali hazikutoa fedha za kutosha kuyanunua machimbo, hivyo tajiri J. P. Morgan akatoa dola 122,500, na milipuko kwenye machimbo makubwa zaidi ikakoma mkesha wa Krismasi wa mwaka huohuo.

Kuunda tume kulikuwa nusu tu ya kazi. Ilibidi ardhi ipatikane kipande kwa kipande, na hapa ndipo mipango mingi ya aina hii hukwama. Njia zinazotumika kwa kawaida ni kununua kwa hiari, kupokea zawadi, au serikali kutwaa kwa manufaa ya umma na kulipa fidia. Njia ya nne haijulikani sana ingawa ni ya maana: mwenye ardhi anabaki na ardhi yake, lakini anasaini masharti ya kudumu kwamba hatajenga wala kukata miti, na masharti hayo yanamfunga yeyote atakayeinunua au kuirithi. Inagharimu kidogo kuliko kununua. Kasoro yake ni kwamba inalinda sura ya mahali bila kumpa mwananchi haki ya kuingia, hivyo peke yake haitoshi kuitwa bustani ya umma.

Kutwaa kwa lazima hulalamikiwa sana, na mara nyingine malalamiko ni ya haki, hasa pale wanaohamishwa ni maskini na fidia inachelewa. Ila kuna mahali ambapo pasipo kutwaa hakuna bustani. Huko Niagara, upande wa Marekani, watu binafsi walikuwa wamezungushia ua ardhi ya karibu na maporomoko, na mgeni alilipa ili tu ayaone maji. Jimbo la New York liliitwaa ardhi hiyo, likawafidia wenyewe, na mwaka 1885 likaifungua kwa watu wote bila kiingilio. Viwanda na vibanda vilivyokuwa ukingoni vilibomolewa.

Mbali na uzuri, mizizi hushika udongo wa ukingo, majani hupunguza kasi ya maji ya mvua, na tope huchujwa kabla ya kufika mtoni. Mto ukifurika, maji hutandaa kwenye nyasi badala ya vyumba vya kulala. Faida hizo hutegemea upana: kamba nyembamba ya miti pembeni mwa maji haiwezi kazi hiyo.

Upana nao hauishii ardhini. Juu ya Palisades, mwaka mmoja kampuni ya LG ilipanga ofisi ya futi 143 nje ya mpaka wa bustani, kwenye kiwanja chake yenyewe. Jengo lingechomoza juu ya miti na kuonekana waziwazi kutoka New York. Baada ya mvutano mrefu, mwaka 2015 kampuni ilikubali kulishusha chini ya futi 70. Kwa hiyo mpango mzuri wa bustani ya mtoni hugusa pia urefu wa majengo ya jirani, ukiwekwa mapema kwenye sheria za mipango miji, kabla mtu hajachora ramani na kutumia fedha zake.

Ukitaka kujua kama ukingo fulani umehifadhiwa kweli, uliza ni nani anayeweza kuuondolea ulinzi. Kama ni ofisa mmoja kwa barua moja, hiyo bado ni ardhi iliyo wazi kwa muda. Kama lazima bunge au baraza likae, lijadili hadharani na wananchi wasikilizwe, hapo imehifadhiwa.