Mfupa Ulio Hai na Mfupa Uliozikwa: Namna ya Kuutunza na Kuusoma

Chukua mfupa wa paja la kuku, usugue mpaka usibaki na nyama wala mafuta, uweke kwenye chupa ya kioo na uufunike kwa siki nyeupe. Usikaze kifuniko, kwa sababu siki inapoyala madini ya mfupa hutoka hewa ya kaboni dioksidi. Utaiona ikipanda kwa vipovu vidogo. Badilisha siki kila baada ya siku 2. Kati ya siku ya 3 na ya 7 mfupa utaweza kuupinda kwa vidole bila kukatika. Ukikuta katikati bado pagumu, ama siki imeishiwa nguvu, ama kuna mafuta yaliyoizuia kupenya. Sasa chukua mfupa wa pili na uutie kwenye makaa. Utakuwa mweusi, kisha wa kijivu, mwishowe mweupe. Umbo lake litabaki, lakini ukiubonyeza utavunjikavunjika.

Siki imeondoa madini ya kalsiamu na fosfeti na kuacha kolajeni, ile protini yenye nyuzinyuzi. Moto umefanya kinyume chake. Katika mfupa mkavu, madini ni karibu theluthi mbili ya uzito, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni kolajeni. Madini huufanya mfupa ustahimili kukandamizwa. Kolajeni huuzuia usikatike ghafla unapovutwa au kupindwa. Maradhi mengi ya mifupa, na mbinu nyingi za kuisoma mifupa ya kale, vinaeleweka mara moja ukishaujua mchanganyiko huo.

Chukua matege yanayotokana na upungufu wa vitamini D. Mtoto anaendelea kutengeneza kolajeni lakini madini hayaingii ya kutosha, kwa hiyo mfupa unabaki laini na miguu inapinda chini ya uzito wake mwenyewe. Vifundo vya mikono hupanuka, na ncha za mbavu huvimba kifuani. Hata hivyo si kila mguu uliopinda ni ugonjwa. Watoto wengi huwa na matege kidogo mpaka kama miaka 2, kisha magoti huelekeana kwa muda kabla ya miguu kunyooka yenyewe. Mpeleke mtoto kwa daktari ikiwa matege yanaendelea baada ya miaka 3, ikiwa ni ya mguu mmoja tu, au ikiwa amedumaa au anachelewa kutembea.

Upande wa pili kuna watoto wanaozaliwa na kolajeni yenye kasoro. Mifupa yao huvunjika kwa kuinuliwa tu, au hata kwa kubadilishwa nepi. Weupe wa macho yao mara nyingi huwa na rangi ya samawati. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wazazi wa watoto hawa huwahi kushukiwa kwamba wanawapiga, na tuhuma hiyo isipotanguliwa na uchunguzi huumiza familia ambayo tayari ina mzigo mkubwa.

Tatizo la watu wazima ni tofauti. Katika osteoporosisi, yaani mifupa kuwa myepesi na yenye matundu, uwiano wa madini na kolajeni uko sawa. Kilichopungua ni mfupa wenyewe. Ili kuelewa unapotelea wapi, lazima tujue kwamba mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Seli ziitwazo osteoklasti huchimba sehemu ndogo kwa muda wa wiki chache, kisha seli za osteoblasti huja kuijaza. Kujaza huchukua miezi kadhaa. Kwa mtu mzima, takriban asilimia 10 ya mifupa hufanywa upya kila mwaka. Kwa kuwa kubomoa ni haraka na kujenga ni polepole, chochote kinachoongeza kasi ya kubomoa huacha mashimo yasiyojazwa. Homoni ya estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji, na ndiyo maana mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake katika miaka 5 hadi 7 baada ya kukoma hedhi. Dawa za jamii ya prednisolone, yaani steroidi za kutuliza uvimbe, zikitumiwa kwa miezi 3 au zaidi nazo hudhoofisha mifupa. Anayezitumia asiziache ghafla, ila amuulize daktari wake juu ya kinga ya mifupa.

Ugonjwa huu hauumi mpaka mfupa uvunjike, na mahali pa kawaida ni kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo na nyonga. Pingili mara nyingi hubonyea kimyakimya na mgonjwa akadhani ni uzee tu. Pima urefu wako kila mwaka ukiwa bila viatu, umeegemea ukuta uleule. Ukiwa umepungua sentimita 4 au zaidi kutoka urefu wa ujanani, omba picha ya uti wa mgongo. Kipimo cha uzito wa mifupa hutoa alama: ikiwa -2.5 au chini ya hapo ni osteoporosisi. Kati ya -1 na -2.5 mifupa imepungua na inahitaji kuangaliwa.

Watu wengi huuliza kwa nini vipimo vya damu vilionyesha kalsiamu iko sawa na bado mifupa ni dhaifu. Mwili wa mtu mzima una kama kilo 1 ya kalsiamu, na asilimia 99 imo katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kilicho kwenye damu hakiruhusiwi kushuka, kwa sababu moyo na misuli hukitegemea kila sekunde. Kikianza kupungua, tezi nne ndogo zilizo shingoni hutoa homoni inayoamuru kalsiamu ichotwe mifupani. Damu inaonekana salama huku mifupa ndiyo inayolipa. Kipimo cha damu, basi, hakitoshi kukuambia hali ya mifupa.

Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, kijana anayekua 1,300, na mwanamke aliyevuka miaka 50 ahesabu 1,200. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban 300. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao ni chanzo kizuri sana. Mboga za majani husaidia, ila spinachi ina oksalati inayoishika kalsiamu ipite bila kufyonzwa. Ukitumia vidonge usimeze zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja, maana utumbo haufyonzi vizuri zaidi ya hapo, na vile vya kalsiamu kabonati vinywe pamoja na chakula. Viache mbali kwa saa kadhaa na vidonge vya chuma, dawa za tezi ya thairoidi, na antibayotiki kama tetracycline na ciprofloxacin. Kalsiamu huzuia vyote hivi visifyonzwe vizuri, na dawa ikakosa kufanya kazi.

Lishe peke yake haitoshi. Mwaka 1892 daktari wa upasuaji Mjerumani Julius Wolff alieleza kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaoubeba. Mchezaji wa tenisi huwa na mfupa mnene zaidi katika mkono anaopigia. Wanaanga, ambao miguu yao haibebi uzito, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mifupa ya nyonga na miguu kwa mwezi. Kinachoiamsha mifupa ni mishtuko mifupi inayobadilikabadilika: kupanda ngazi, kuruka kamba, kubeba uzito, kucheza ngoma. Kuogelea ni kuzuri kwa moyo, ila mifupa haipati mzigo wa kutosha. Mwenye osteoporosisi tayari asirukeruke wala kuinama akinyanyua kitu kizito; kwake mazoezi ya kuimarisha mapaja na ya kutoyumba ndiyo muhimu, kwa sababu nyonga nyingi huvunjika kwa kuanguka nyumbani.

Mfupa ukivunjika, makosa makubwa hutokea katika saa za mwanzo. Usiunyooshe wala kuuvuta. Uache katika hali uliyoukuta, tanguliza nguo laini, kisha funga banzi linalovuka kiungo cha juu na kiungo cha chini ya pale palipovunjika. Banzi fupi linaloishia kwenye jeraha lenyewe huongeza madhara. Vua pete na bangili mapema kabla uvimbe haujafika. Acha ncha za vidole nje. Kila baada ya dakika 15 angalia kama vina joto, kama vina hisia, na kama rangi hurudi upesi ukivibonyeza kucha. Mfupa ukiwa umetoboa ngozi usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi na wahi hospitali, kwa sababu mgonjwa anahitaji antibayotiki na kinga ya pepopunda bila kuchelewa.

Hatari tunayoiogopa kuliko zote ni kufunga kwa kukaza. Uvimbe huendelea kuongezeka kwa siku 2 au 3, na bandeji iliyokuwa sawa asubuhi inaweza kuwa kitanzi ikifika jioni. Presha ndani ya misuli hupanda mpaka damu ikashindwa kupita, na baada ya kama saa 6 misuli huanza kufa. Dalili ya kwanza ni maumivu makali yasiyolingana na jeraha, yanayozidi mtu mwingine anapovinyoosha vidole vya mgonjwa. Usingoje vidole viwe baridi au vife ganzi, maana hapo umeshachelewa. Legeza kila kilichofungwa mpaka kwenye ngozi, kisha nenda hospitali usiku huohuo. Mikono iliyokatwa kwa sababu hii ilikuwa imevunjika tu, na ingeweza kupona.

Kupona kwenyewe hufuata utaratibu. Kwanza damu huganda pale palipovunjika. Katika wiki 2 hadi 3 gegedu laini huunganisha ncha mbili, kisha hugeuka mfupa mgumu kwa wiki 6 hadi 12, na uvimbe wake huchongwa upya kwa miezi au miaka. Mkono wa mtu mzima huhitaji kama wiki 6 hadi 8. Muundi mara nyingi huvuka wiki 12. Watoto hupona upesi zaidi, na mifupa yao mara nyingi hupinda na kupasuka upande mmoja tu kama kijiti kibichi. Uvutaji wa sigara huchelewesha kuunga kwa kuwa hupunguza damu inayofika pale.

Alama hizo za kupona hazifutiki kirahisi, na hapo ndipo mtaalamu wa mifupa ya kale anapoanzia. Mfupa uliovunjika mtu akiwa hai na kupona una kingo za mviringo na uvimbe wa kuunga. Uliovunjika karibu na kifo, ukiwa bado na kolajeni, una kingo laini zenye pembe za mshazari na hakuna dalili ya kuunga. Uliovunjika ukiwa umekauka ardhini hukatika wima, kwa kingo zenye mikwaruzo na rangi nyeupe kuliko uso wake wa zamani. Kosa la kawaida ni kuliita pigo la jembe la mchimbaji kuwa jeraha la vita. Rangi ya kingo hulisahihisha.

Jinsia husomwa vizuri zaidi kwenye nyonga: ya mwanamke ni pana na pembe iliyo chini ya kinena ni butu. Kwa mtoto asiyebalehe njia hii haiaminiki. Umri wa watoto hupatikana kwenye meno na kwenye sehemu za gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa, ambazo hugeuka mfupa na kufungana ukuaji unapokoma. Ncha ya mtulinga iliyo upande wa kidari hufungana mwisho, mtu akiwa katika miaka ya ishirini. Mifupa ya mvulana wa Nariokotome, mtoto wa jamii ya kale ya binadamu iitwayo Homo erectus, aliyepatikana magharibi mwa Ziwa Turkana mwaka 1984 baada ya Mkenya Kamoya Kimeu, mtafutaji wa mabaki ya kale, kuona kipande cha fuvu, ina umri wa takriban miaka milioni 1.5. Viungo vyake vinafanana na vya mtoto wa leo wa miaka 11 au zaidi, lakini tabaka za ukuaji wa meno yake zinaonyesha miaka kama 8. Tofauti hiyo si hitilafu ya vipimo: inatuambia kwamba jamii yake ilikua haraka kuliko sisi.

Ili kujua tarehe, kaboni 14, aina ya kaboni yenye mnururisho, hupimwa katika kolajeni. Nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 5,730, hivyo ikipita miaka 50,000 hivi hakuna kinachobaki cha kupima. Kwenye udongo wa joto, maji na tindikali, kolajeni huisha mapema zaidi, ndiyo maana mifupa mingi ya ukanda wa tropiki haipimiki kwa njia hii. Visukuku vya kale sana, yaani mifupa iliyogeuka kama jiwe, havina kolajeni kabisa. Madini ya maji ya ardhini yameingia ndani yao. Fuvu alilolipata mwanaakiolojia Mary Leakey katika Bonde la Olduvai mwaka 1959 lilipewa umri wa miaka milioni 1.75 kwa kupima majivu ya volkano yaliyokuwa kwenye tabaka lake, wala si mfupa wenyewe.

Kwa hiyo ukikuta mfupa unaodhani ni wa mtu au wa kale, wakati wa kuchimba msingi, kisima au choo, simamisha kazi mahali hapo. Tabaka la udongo lina thamani sawa na mfupa. Ukiung'oa, umeutenga na majivu na mkaa ambavyo vingeupa tarehe. Piga picha ukiwa umeweka rula au sarafu kando yake, pima kina kutoka usawa wa ardhi, funika kwa udongo uleule, na toa taarifa polisi au makumbusho. Polisi ni lazima ikiwa kuna nguo, jino lililozibwa au harufu. Ikiwa umeshautoa, usiuoshe, na usiupake vanishi wala gundi, kwani hivi viwili huongeza kaboni ngeni na kuharibu kipimo. Usiuanike juani, kwa sababu mfupa wenye unyevu ukikauka haraka hupasuka, na usiufungie kwenye mfuko wa plastiki ambamo utaota ukungu. Uweke kwenye boksi la karatasi kivulini pamoja na udongo ulioushika, na uandike juu ya boksi mahali, kina na tarehe.